Kumuuguza Mzazi Aliyepotewa na Kumbukumbu: Wema Wahitaji Ilimu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Haki za wazazi ni somo ambalo hapana msomaji wetu asiyepata kulisikia. Ile aya ya Suratul Israi huhifadhiwa na watoto wangali chuoni, na kila mmoja wetu ajua kuwa mzazi akifikia uzee haifai kumkaripia, wala hata kumtolea sauti ya kuonyesha kuwa tumechoka naye. Hilo limesemwa sana juu ya mimbari, na ni haki lisemwe.

Lakini leo twataka kuuliza suali ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ni hili: kwa njia gani? Mtu amjibu nini mama yake aliyemuuliza jambo moja mara arubaini tangu alfajiri? Amfanyeje baba yake anayefungua mlango usiku wa manane akitaka kwenda forodhani kulipokea jahazi ambalo halipo tena? Amwambie nini bibi anayelia akimtaka mama yake, na huyo mama yake amezikwa miaka sitini iliyopita? Nia njema peke yake haimwambii mtu afanye nini katika saa kama hiyo. Na wajibu ambao mwenye nao hajui namna ya kuutimiza, hugeuka ukawa adhabu kwa anayeuguza na kwa anayeuguzwa.

Somo letu basi ni juu ya maradhi hayo ya kupotewa na kumbukumbu, na juu ya mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa nyumbani wenye kuuguza, mafunzo ambayo siku hizi hupatikana kwa njia ya simu na intaneti. Tutayataja yaliyo na faida ndani yake. Kisha tutataja jambo ambalo mafunzo hayo hayawezi kulifanya, kwani hapo ndipo lilipo fungu letu sisi sote.

MARADHI HAYA NI NINI

Watu wetu husema, "Mzee amekuwa mtoto," au "Akili zimempungua," na wengi huishia kusema, "Ni uzee tu." Neno hili la mwisho si sahihi. Wazee walio wengi hufa na akili zao timamu. Kusahau ulikoweka ufunguo ni jambo la kila mtu. Lakini kuushika ufunguo mkononi usijue ni wa kazi gani, hayo ni maradhi. Kulisahau jina la jirani ni uzee. Kupotea njia ya kutoka msikitini hadi nyumbani, njia uliyoipita miaka hamsini, hayo ni maradhi.

Madaktari huyaita kwa jina la dimenshia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo. Katika hayo ulio mkubwa ni ule ulioitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza habari za mwanamke mmoja aliyefariki akiwa na umri wa miaka 55 tu, naye alikuwa amepotewa na kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Ugonjwa huo ndio unaoleta kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya hali hii yote. Unaoufuata hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, nao una udugu na maradhi tunayoyajua sana katika miji yetu ya pwani: shinikizo la damu, kisukari na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Basi mtu asidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu.

Haijapatikana dawa ya kuuponya ubongo ulioharibika hivyo. Ziko dawa ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali kwa muda. Hata hivyo haifai kumweka mgonjwa nyumbani bila ya kumpeleka kwa daktari, kwa sababu yako mambo mengine yanayomsahaulisha mtu na ambayo yana matibabu: upungufu wa vitamini B12, tezi la shingoni lisilofanya kazi sawasawa, huzuni kubwa, na hata dawa zenyewe anazokunywa zikigongana. Anayesema "ni uzee tu" huenda akamnyima mzazi wake tiba aliyokuwa na haki nayo.

SI JINI WALA UCHAWI

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya watu hawatalipenda. Mama akianza kuzungumza na watu wasioonekana, jambo la kwanza linalofanywa katika nyumba nyingi ni kuitwa mganga. Mganga husema ni pepo, au ametupiwa, na mara nyingi humtaja mtu: mkaza mwana, au jirani, au mke mwenza wa zamani. Pesa hutoka, kuku huchinjwa, mafusho hufukizwa katika chumba cha mtu asiyeweza hata kusema kuwa moshi unamuumiza. Kisha mgonjwa habadiliki, na nyumba imegawanyika kwa uadui ambao haukuwako.

Na yako mabaya kuliko hayo. Katika Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na khabari hizo zimeandikwa mwaka baada ya mwaka. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayeingia katika ua wa watu bila ya kujua yuko wapi, ni mwepesi sana wa kusingiziwa. Anayemwita mchawi mgonjwa wa ubongo amemdhulumu mara mbili: amemzulia, na amemnyima huruma aliyostahiki. Na anayekaa kimya akisikia uzushi huo hakusalimika na dhambi yake.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema, na mara nyingi sauti ya kisomo alichokihifadhi utotoni humtuliza kuliko kitu kingine. Lakini kusoma ni jambo moja, na biashara ya hirizi na makombe ni jambo jingine. Dini yetu imeamrisha kutafuta dawa, wala haikuamrisha kutafuta wa kumlaumu.

NI NANI AUBEBAYE MZIGO

Tuingie katika nyumba moja ya mitaa yetu. Mtaa hatuutaji wala jina. Mama ana watoto sita. Wawili wako Ghuba, mmoja yuko Nairobi, na watatu wako hapa mjini. Wote wanampenda mama yao. Walioko mbali hutuma pesa na kupiga simu kila Ijumaa. Walioko mjini hupita kumsalimu, humbusu mkono, hukaa kiasi cha kikombe cha kahawa, kisha hutoka wakisema, "Alhamdulillahi, mama hajambo leo." Lakini anayemwogesha ni mtu mmoja. Anayembadilisha nguo saa tisa za usiku ni huyo mmoja. Anayeitwa mwizi wa bangili za dhahabu, kila siku, na mama aliyesahau kuwa bangili alizigawa mwenyewe, ni huyo huyo. Naye ama ni binti ambaye hajaolewa au aliyeachwa, na watu wamekata shauri kuwa "hana kazi". Ama ni mke wa mmoja wa wale watoto wa kiume.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tunavyouona mzigo wa mwanamke huyu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wa nyumbani hutumia, kwa wastani, saa 5 kila siku kumhudumia na kumchunga mgonjwa wa namna hii, na kuwa asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Saa 5 ni kazi ya nusu siku na zaidi, isiyo na mshahara, isiyo na siku ya mapumziko, na aghalabu isiyo na shukrani.

Twataka ndugu zetu wanaume wafahamu jambo moja. Wanavyuoni wamebainisha kuwa haki ya wazazi iko juu ya watoto wao wenyewe. Mke wa mtoto akimtumikia mama mkwe wake, huo ni wema wake na thawabu zake ziko kwa Mola wake. Lakini si deni alilolibeba siku ya kuozwa. Basi yule anayemtupia mkewe kazi yote, kisha akasimama mbele za watu akijisifu kuwa mama yake yumo nyumbani mwake na anamtunza, na apime nafsi yake ni nani kati yao anayetunza.

MAFUNZO YENYEWE

Shirika hilo la Afya Duniani, pamoja na wataalamu wa nchi mbalimbali, lilitunga mafunzo kwa ajili ya watu wa nyumbani wenye kuuguza wagonjwa wa dimenshia, likayaita iSupport. Mwaka 2019 lilitoa pia kitabu chake, ili asiyekuwa na intaneti aweze kuyasoma katika karatasi. Hayahitaji mtu awe daktari wala muuguzi wa hospitali. Yametungwa kwa ajili ya binti, mke, mume na mtoto.

Yamegawanywa sehemu tano, nazo zina masomo 23 kwa jumla. Sehemu ya kwanza, yenye somo moja, yaeleza maradhi ni nini. Ya pili, masomo 4, yaeleza kuwa muuguzi ni kazi gani: namna ya kusema na mgonjwa, namna ya kumshirikisha katika maamuzi, na namna ya kuwaomba wengine msaada. Ya tatu, masomo 3, ni juu ya muuguzi kujitunza nafsi yake. Ya nne, masomo 5, ni juu ya kazi za kila siku: kula, kunywa, kwenda choo, kuoga, na kuipitisha siku kwa furaha. Ya tano ndiyo ndefu, ina masomo 10, nayo ni juu ya tabia zinazobadilika: kusahau, ghadhabu, huzuni, kukosa usingizi, kuona yasiyokuwapo, kurudia-rudia, kutangatanga na kupotea.

Njia yao ya kufundisha yafanana na ya mwalimu mwema. Msomaji hupewa kisa kifupi cha nyumba fulani, akaulizwa, "Wewe ungefanyaje?" Akichagua jibu, huelezwa papo hapo kwa nini ni zuri au si zuri. Hakuna kukaripiwa wala kuhitimu. Mtu husoma somo analolihitaji siku ile, akafunga simu, akarudi siku nyingine.

BAADHI YA YANAYOFUNDISHWA

Msingi wa yote ni huu: mgonjwa hafanyi kusudi. Anaporudia suali, hakusikia jibu lako la kwanza likakaa. Kwake yeye kila mara ni mara ya kwanza. Ukimwambia, "Nimekwisha kukwambia!" hafahamu kosa lake, lakini hasira yako aiona. Maneno yatamtoka, uchungu utabaki. Hii ndiyo hekima inayotakiwa kuandikwa juu ya mlango wa chumba chake: husahau ulichosema, wala hasahau upesi namna ulivyomfanya ajione.

Kwa hivyo katika kusema naye: mkabili usoni, mwite kwa jina au kwa heshima yake aliyoizoea, sema neno moja kwa wakati, kwa sauti ya upole, kisha mpe nafasi ajibu. Usimuulize, "Wataka kula nini?" akapotea katika wingi wa vyakula. Muulize, "Mama, uji au chai?" huku vikombe viwili viko mbele yake.

Akimtaka mama yake aliyekufa, usimpe khabari ya kifo upya, kwani atalia kana kwamba maiti yuko ndani. Wala huna haja ya kumdanganya. Mwambie, "Wamkumbuka sana mama. Hebu nieleze, alikuwa akipika nini siku ya Idi?" Umeujibu moyo wake, ukaliacha lile suali lipite.

Akikusingizia wizi, usibishane naye wala usiape. Mwambie, "Pole, mama, tutafute pamoja," nawe uzijue pembe anazopenda kuficha vitu vyake. Maneno yale hayatoki kwake. Yatoka katika maradhi. Twajua kuwa ni rahisi kuyaandika na ni mazito kuyasikia, hasa mbele ya mawifi.

Akikasirika au akibadilika ghafla, kwanza utafute sababu. Huenda ana kiu, au tumbo limefunga, au jino lamuuma, au ana maradhi ya mkojo, naye hana lugha ya kusema. Mabadiliko ya ghafla, ya siku moja au mbili, ni ya kupelekwa kwa daktari, si ya kungojewa.

Katika kuoga, mwachie sitara yake. Mzee aliyeishi maisha yake yote kwa haya hawezi kuvuliwa kama mtoto asione kuwa ameshambuliwa. Mfunike kanga au shuka, oshea chini yake sehemu baada ya sehemu, umwambie kila utakalolifanya kabla ya kulifanya, na akikataa, mwache urudi baada ya saa. Mkono wake ukiweza kushika sabuni, ashike mwenyewe. Kumfanyia mtu kila kitu si kumheshimu. Ni kumnyang'anya kidogo alichobaki nacho.

Usiku, acha taa ndogo njia ya chooni. Mchana, atembezwe na aote jua, asilale sana. Mlango uwe na komeo mahali asipopazoea, lakini asifungiwe ndani peke yake kamwe, kwani moto na maradhi havingoji. Mfukoni mwake iwekwe karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani, na mwenye duka la kona na watu wa baraza waambiwe wazi, "Mkimuona mzee peke yake, mrudisheni kwa upole." Kumficha mgonjwa kwa kuona haya ndiko kunakompoteza.

Ama katika mambo ya dini na mali, yaulizwe mapema kwa wanavyuoni na kwa Kadhi. Aliyeondokewa na akili hana dhambi kwa sala iliyompita, wala kwa neno baya lililomtoka. Basi haifai kumshurutisha wala kumzomea. Lakini akitulia akikaa juu ya msala, hata akichanganya rakaa, aachwe na Mola wake. Na mali yake ni amana. Mzee asiyejua anachotia saini hauzishwi nyumba, wala haandikishwi hiba, wala urithi haugawanywi yungali hai. Maradhi yanapoanza, akili ingaliko, ndio wakati wa kumkalisha na kumuuliza: wasia wako ni upi, na wamwamini nani?

LILILOTOKEA INDIA

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuliandike somo hili. Wataalamu wa India waliyatia mafunzo haya katika majaribio, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Waliandikishwa watu 151 wanaouguza jamaa zao. Baadhi walipewa mafunzo ya iSupport kwa njia ya intaneti, na wengine walipewa kitabu cha maelezo tu. Baada ya miezi mitatu walitazamwa. Waliofika mwisho walikuwa 55.

Waliosoma mafunzo walionekana wamebadilika katika jambo moja kubwa: namna wanavyomtazama mgonjwa. Walizidi kumuona kuwa ni mtu mwenye heshima yake na haja zake, si mzigo uliowekwa kitandani. Hilo si dogo, na mwenye kuujua upole ajua thamani yake. Lakini uzito wa kazi na huzuni za moyoni hazikuonekana kuwapungukia.

Msomaji asiseme, "Basi mafunzo hayafai." Tulitazame jambo kwa insafu. Kati ya kila watu watatu walioanza, karibu wawili hawakumaliza. Sisi twaona si ajabu. Mtu ambaye hana nusu saa ya kulala, ataipata wapi nusu saa ya kusoma? Anayeitwa kila dakika kumi kutoka chumba cha pili, atamalizaje somo? Na hata akilimaliza, somo litamfundisha namna ya kumwogesha mama kwa upole, wala halitakuja kumwogesha kwa niaba yake. Simu yaweza kutoa ilimu, mkono haina.

Hapa ndipo zinapokutana zile khabari mbili, ya nyumba tuliyoingia na ya India. Mafunzo yenyewe yalijua hivyo, ndiyo maana yameweka somo zima la kuwashirikisha wengine. Lakini asomaye somo la kuomba msaada ni yule mmoja mwenye mzigo. Wenye kutakiwa kuuitika wito huo hawasomi, kwani wao hawauguzi.

LITUPASALO

Basi twaandika haya kwa ajili ya wale watano, si kwa ajili ya yule mmoja tu.

Kwanza, ndugu wa tumbo moja na wakae kitako, bila ya kungoja kuitwa, waigawanye kazi kwa saa, si kwa maneno. Fulani alale na mama usiku wa Jumatano na Jumamosi. Fulani amchukue baba kila asubuhi, amtembeze hadi pwani na kumrudisha. Aliye mbali, pesa zake zitumike kumlipa msaidizi aliyefundishwa, si kununua zawadi za Idi peke yake, na simu yake ya Ijumaa ianze kwa kumuuliza anayeuguza, "Na wewe, dada, u hali gani? Umelala?" Mtu anayeuguza akipata saa mbili kila siku ambazo ni zake, ataweza kulala, kusali kwa utulivu, na kusoma.

Pili, majirani. Zamani katika mitaa yetu mwanamke aliyezaa hakuachwa peke yake siku arubaini. Desturi hiyo twaijua na twaiweza. Kwa nini mwenye kuuguza mzazi aachwe peke yake miaka minane? Sahani ya chakula ni jambo jema, lakini kukaa na mgonjwa baina ya alasiri na magharibi, mwenzio akatoka akapunga upepo, ni bora zaidi.

Tatu, misikiti na baraza. Mzee akisema ndani ya sala, au akisimama mahali si pake, asitolewe kwa kelele. Ashikwe mkono aketishwe. Huyo ndiye aliyetufundisha sisi kusimama katika safu.

Nne, darasa zetu. Masomo ni 23. Likisomwa somo moja kila juma katika darsa za kina mama, na pia katika darsa za wanaume, na ajuaye Kiingereza akalieleza kwa Kiswahili chetu, kazi hiyo haitimizi hata nusu ya mwaka. Asiyeweza kutoka nyumbani na apelekewe sauti iliyorekodiwa katika simu yake, aisikilize huku akipepeta mchele. Vijana wetu ni hodari wa simu. Basi na wautumie uhodari huo kwa bibi zao. Na wawe macho: njia hiyo hiyo iletayo ilimu ndiyo iletayo matapeli wanaouza dawa za kurudisha kumbukumbu kwa siku saba. Atakayeahidi hivyo ni mwongo, awe amevaa koti jeupe au kilemba.

Tano, kila mmoja ajilinde. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kuwa kiasi cha asilimia 45 ya maradhi haya yahusiana na mambo 14 ambayo yaweza kuzuiwa au kupunguzwa, na miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, uziwi usiotibiwa, na upweke. Anayetibu shinikizo lake leo, huenda anawapunguzia mzigo wanawe kesho.

KHATIMA

Ndugu msomaji, mama aliyesahau jina lako hajakuacha kuwa mama yako. Haki yake haikwenda na kumbukumbu yake; bali imezidi, kwa kuwa sasa hawezi kuidai. Huu ndio mtihani wenyewe. Kumfanyia wema mzazi anayekuombea dua na kukusifu mbele za watu, hilo hata mwenye kutafuta sifa huliweza. Kumfanyia wema mzazi anayekuuliza, "Wewe ni nani?", ukamjibu kwa upole mara ya arubaini, hapo hapana anayeona ila Mwenyezi Mungu.

Na katika nyumba hiyo hiyo yuko mwanamke aliyechoka, ambaye hakutuomba kitu. Tusimwambie tena kuwa atapata pepo yake; hilo alijua kabla yetu. Tumwambie, "Lala, leo mimi nitakesha."

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu walio hai na waliotangulia, awape nguvu wenye kuwauguza, atufungue macho sisi tulio pembeni, na atukhitimishie umri wetu tungali na akili zetu na imani yetu. Amin.